Mvuruge Mtupaji Kabla Hajatupa

Michezo ya muhula wa kwanza inapokaribia, vijana wa shule za Nyamache huja mazoezini na vituko walivyoviona kwenye simu. Mmoja anapiga makofi usoni pa mwenzake. Mwingine anapiga ukelele mpira unapoachiliwa. Wa tatu anapunga kiganja mbele ya macho ya mtupaji. Ukiuliza wamejifunza wapi, jibu ni NBA. Nawaandikia walimu wa michezo, makocha wanaojitolea na wachezaji wenyewe, wa Nyamache na wa Gusii nzima, kwa sababu naona jasho jingi likipotelea kwenye hila zisizosaidia, huku hila zenye faida zikikosa wa kuzifundisha.

Mtupaji huvurugwa kwa kunyimwa vitu vitatu: muda, mahali pa kuweka miguu, na mdundo wake. Macho na masikio yake yaache. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza la kufanya.

Tuanze na kituko maarufu kuliko vyote. Tarehe 28 Mei 2014, katika mchezo wa tano wa fainali ya Kanda ya Mashariki mjini Indianapolis, Lance Stephenson wa Pacers alimsogelea LeBron James wa Miami Heat na kumpulizia sikioni. Picha ile ilizunguka dunia. Usiku ule Pacers walishinda 93 kwa 90 na James akapata pointi 7 pekee, kwa hiyo wapo wanaoamini kwamba pumzi ilifanya kazi. Lakini James alikuwa ameandamwa na faulo mapema na kukaa benchi muda mrefu. Hapo ndipo pointi zake zilipokwama. Mchezo uliofuata Heat walishinda 117 kwa 92, na Pacers wakaenda nyumbani. Kijana anayeiga kupuliza anaiga sehemu ya mchezo isiyomfaa chochote. Angeuliza jinsi Pacers walivyomfanya nyota yule acheze akiogopa faulo, angejifunza jambo.

Kuna sababu nyingine ya kuacha vituko hivi, nayo ni kitabu cha sheria. Shule zetu, ligi ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu Kenya na hata Ligi ya Afrika, BAL, ambako Nairobi City Thunder walicheza mwaka 2025 wakiwa timu ya kwanza ya Kenya kufika huko, zote hufuata sheria za FIBA. Sheria hizo zinataja waziwazi kwamba kumzuia mpinzani kuona kwa kupunga au kuweka mikono karibu na macho yake ni faulo ya kiufundi. Ufafanuzi rasmi wa FIBA unaongeza mengine: kupiga kelele kubwa, kukanyaga sakafu kwa kishindo na kupiga makofi karibu na mtu anayetupa. Mtupaji akiathirika, refa anaweza kutoa faulo ya kiufundi. Asipoathirika, mkosaji huonywa. Adhabu ni mtupo mmoja wa bure, kisha mchezo unaendelea pale uliposimama. Faulo hiyo huhesabiwa kwenye faulo za mchezaji na za timu, na mchezaji akipata mbili za kiufundi anatolewa nje ya mchezo.

Fikiria hesabu yake. Umempigia kelele mtupaji, amekosa, wewe unashangilia. Refa anapuliza, wao wanapewa mtupo wa bure, na kama ni wao waliokuwa na mpira, mpira unabaki kwao. Kelele yako imewapa pointi ambayo mtupaji wao alishindwa kuipata.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo, yaani kile anachokihitaji mtu anayetupa.

Mwaka 1996 Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha uchunguzi wa macho ya watupaji wa mitupo ya bure. Aliona kwamba mahodari huliweka jicho mahali pamoja kwenye ringi, mapema na kwa utulivu, na hulishikilia pale kwa muda mrefu kuliko watupaji wa kawaida. Mwaka 2002 Raôul Oudejans na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, walifanya jaribio la namna nyingine. Waliwavalisha wachezaji miwani inayoweza kuzibwa ghafla. Wale wanaotupa mpira ukiwa juu ya kichwa walitupa vizuri hata walipoiona ringi katika kile kipande cha mwisho tu cha mtupo, wakichungulia chini ya mpira. Walipoonyeshwa ringi mwanzoni na kuzibwa mwishoni, walikosa sana.

Tafsiri yake uwanjani ni kubwa. Mlinzi anayepunga mkono mapema, mtupaji akiwa bado ameshika mpira kifuani, anapoteza nguvu na kuhatarisha faulo, kwa sababu dakika ya jicho haijafika. Mkono unaofika pale mpira unapopita paji la uso la mtupaji, ukiwa umenyooka kuelekea mpira wenyewe, ndio unaomgusa mahali anapoumia. Na mkono huo uko salama kisheria, maana unaufuata mpira, hauyafuati macho. Mfundishe mchezaji wako maneno haya na uyarudie hadi yamchoshe: mkono uende kwenye mpira.

Lakini jicho ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni mdundo, na mdundo huanzia miguuni. Mtupaji mzuri hufanya kazi kama mchuma chai hodari kwenye mashamba yetu: mikono inakwenda yenyewe kwa sababu mwili umepata mahali pake, na ukimsukuma nusu hatua kutoka kwenye mstari wake anaanza kuyatafuta majani kwa macho. Hatua moja ya ziada, mpira uliodakwa gotini badala ya kifuani, kisigino ambacho hakijatua, hivyo vinatosha. Mlinzi anayeelewa hili hahitaji kuruka juu wala kupiga kelele.

Mwalimu mkubwa wa kazi hii kwangu ni Shane Battier. Alicheza Houston Rockets wakati klabu hiyo ilikuwa imeanza kutumia takwimu kwa bidii, na Februari 2009 mwandishi Michael Lewis aliandika makala ndefu juu yake katika jarida la The New York Times. Battier hakuwa na kasi kubwa wala hakuruka kupita kiasi, na takwimu zake za kawaida, pointi na mipira ya kudaka, zilikuwa za mtu wa wastani. Hata hivyo ndiye aliyepewa kazi ya kumkabili Kobe Bryant. Alijulikana kwa mkono wake: Bryant alipoinuka kutupa, Battier hakujaribu kuuzuia mpira. Aliinua kiganja kuelekea uso wa Bryant na kukiacha pale.

Watu wengi huishia kwenye kiganja. Makala ile inaonyesha kwamba kiganja kilikuwa hatua ya mwisho ya kazi ndefu. Kabla ya mchezo Battier alisoma ni wapi Bryant hupata pointi kwa urahisi na ni wapi hupata kwa taabu. Uwanjani alimwelekeza kule kwa taabu: mtupo wa mbali wa pointi mbili, akitoka kudribu, mkono wa mlinzi ukiwa juu. Mtupo huo hulipa kidogo kuliko wowote, kwa kuwa uko mbali karibu sawa na wa pointi tatu lakini malipo yake ni mawili. Bryant aliendelea kufunga, maana alikuwa Bryant, lakini alifunga kwa gharama kubwa zaidi. Kumbuka tena kwamba Battier alicheza kwa sheria za NBA. Kiganja chake usoni, kikipungwa mbele ya refa wa FIBA huku Kisii, kinaweza kukuletea faulo ya kiufundi. Chukua usomaji wake na hatua zake, kisha nyoosha mkono wako juu kidogo, kwenye njia ya mpira.

Usomaji huo hauhitaji kompyuta. Timu utakayokutana nayo kaunti ndogo umewahi kuiona au utaiona ikicheza kabla yenu. Mpe mchezaji wa akiba kazi ya kumtazama mtupaji wao mmoja tu na kujibu maswali machache: hudribu kwa mkono upi kabla ya kutupa? Hupenda kona au juu ya duara? Akikimbiliwa kwa kasi, hutupa au huingia ndani? Je, huushusha mpira kabla ya kuuinua?

Swali la mwisho linafungua hila ambayo sioni ikifundishwa, na ambayo mimi naipenda kuliko zote. Watupaji wengi wa shule hudaka mpira kifuani, huushusha hadi kiunoni, kisha huuinua. Hapo kiunoni mpira hauna ulinzi. Mlinzi anayefika mkono mmoja ukiwa juu na mwingine ukiwa chini, kiganja kikitazama juu, akiufuata mpira popote unapokwenda bila kupiga mkono wa mtu, anamlazimu mtupaji abadili njia ya mikono yake. Atauvuta mpira upande, atachelewa nusu sekunde, au ataona heri atoe pasi. Mara nyingi hutaona kitu kwenye ubao wa matokeo. Utaona tu kwamba mtupaji yule, kufikia robo ya tatu, ameanza kutazama mikono yako kabla ya kutazama ringi. Hapo umeshamvuruga.

Kuhusu kumkaribia mtupaji aliyebaki peke yake: mkimbilie kwa nguvu theluthi mbili za njia, kisha vunja mwendo kwa hatua fupi za haraka, nyonga chini, mkono juu. Kijana anayemkimbilia mtupaji hadi mwisho bila kuvunja mwendo atapitwa kwa dribu moja, na timu yote itakuwa imevunjika. Wapo makocha wa kulipwa wanaofundisha kinyume chake: mlinzi apite kwa kasi ubavuni mwa mtupaji na kuendelea mbele kushambulia, akiwaachia wenzake mambo ya nyuma. Kwa timu iliyo na mtu mrefu chini ya ringi, sawa. Kwa timu nyingi za huku, nashauri msiiguse.

Na hapa nazungumza kwa uzito wote. Usiweke mguu wako mahali mtupaji atakapotua. Tarehe 14 Mei 2017, San Antonio Spurs walikuwa wakiwaongoza Golden State Warriors kwa pointi zaidi ya 20 pale Zaza Pachulia aliposogea chini ya Kawhi Leonard aliyekuwa hewani. Leonard alitua juu ya mguu wa Pachulia, kifundo kikaumia, na hakucheza tena katika mfululizo ule. Spurs walipoteza mchezo ule 113 kwa 111, kisha wakapoteza yote minne. Kabla ya msimu uliofuata NBA ilikaza sheria ya nafasi ya kutua. FIBA nayo inatambua haki ya aliye hewani kutua salama, na kuingia chini yake huweza kuhesabiwa faulo isiyo ya kimichezo au hata ya kufukuzwa. Viwanja vyetu vingi ni vya simiti au murramu iliyoshindiliwa. Kifundo kilichovunjika hapo ni safari ya hospitali Kisii, ni muhula uliopotea, na ni mzazi aliyeacha kuchuma chai ili akae wodini. Mchezaji akifanya hivyo kwa makusudi, hata mazoezini, mtoe.

Kuna hila nyingine iliyoonekana ajabu hadi watu wakaielewa. Kevin Garnett alikuwa na mazoea ya kuruka na kuupangua mpira ambao mpinzani aliutupa baada ya filimbi kulia, wakati mtupo hauna thamani tena. Hoja yake ni rahisi: mtu aliyekosa mara kadhaa anataka kuuona mpira ukipita wavuni hata mara moja, ajisikie tena. Usimpe nafasi hiyo. Machi 2024, Joe Mazzulla, kocha wa Boston Celtics, aliinuka mwenyewe kutoka upande wa benchi na kuruka kumkinga Royce O'Neale wa Phoenix Suns aliyekuwa akitupa baada ya mchezo kusimama. Miezi mitatu baadaye Celtics walikuwa mabingwa.

Mimi nakubaliana na wazo lile, lakini katika mchezo wa shule ningelifanya kwa upole. Refa akiona unaupiga mpira huku na huko baada ya filimbi anaweza kukuadhibu kwa kuchelewesha mchezo. Kwa hiyo filimbi ikilia, mlinzi aliye karibu aende moja kwa moja kwa mtupaji, anyooshe mikono aupokee mpira kwa adabu, aupeleke kwa refa. Hakuna mtupo wa kujifariji, hakuna faulo, na refa atakuona mtu mwenye heshima.

Vipi kuhusu kumtia mtu hofu? Ndiyo, hofu ni silaha, na Afrika yetu imetoa mabingwa wake. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024, alizuia mitupo 3,289 katika NBA, wa pili nyuma ya Hakeem Olajuwon, na alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Kidole chake cha kukataza kilitambulika kila mahali. Watoto wanakumbuka kidole, lakini kidole kilikuja baada ya kazi, na NBA yenyewe ilifika mahali pa kumwadhibu akikielekeza kwa mpinzani. Kilichowabadilisha watupaji ni kujua yupo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, alipokuwa chuoni Connecticut aliwafanya watu wainue mipira yao juu kupita kiasi hata asipoigusa. Kama unaye kijana mrefu, mruhusu ajaribu kuzuia mtupo mmoja au miwili mapema katika robo ya kwanza, hata akikosa. Huyo mtupaji ataikumbuka sauti ya mkono ule. Baada ya hapo mrefu wako abaki chini, mikono juu wima, aache hofu ifanye kazi.

Kama huna mrefu, badilisha umbo la ulinzi. Fainali za NBA mwaka 2019, mchezo wa pili mjini Toronto, Nick Nurse, kocha wa Raptors wakati huo, alifanya jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa la shule: wachezaji wanne walikaa eneo, kila mmoja kwenye pembe yake, na wa tano, Fred VanVleet, akamfuata Stephen Curry kila alipokwenda. Warriors walikaa zaidi ya dakika 5 za mwisho bila pointi, hadi Andre Iguodala alipofunga ya pointi tatu sekunde chache kabla ya king'ora. Raptors walipoteza mchezo huo 109 kwa 104, lakini ndio waliochukua ubingwa.

Wengi husahau ni kwa nini mbinu ile ilifaa wakati ule. Kevin Durant alikuwa majeruhi, na Klay Thompson alikuwa ametoka akiumia katika robo ile ya nne. Curry alibaki mtupaji pekee wa kuogopwa. Hali hiyo ni nadra kwa timu za kulipwa, lakini katika michezo ya shule za upili ni ya kila siku: timu ina kijana mmoja anayetupa, wengine wanampelekea mpira. Mbinu hii imeumbwa kwa ajili yetu. Mfuasi asiwe lazima mchezaji wako bora. Awe mwenye mapafu, asiyekasirika, asiyetamani kuiba mpira. Kazi yake ni mtupaji asiupate mpira, na akiupata aupate akiwa amegeukia katikati ya uwanja. Itumie kwa dakika chache, baada ya mapumziko au robo ya mwisho inapoanza, kisha iondoe kabla hawajaizoea. Ikitokea mtu wao wa pili amefunga mara mbili mfululizo, iache hapo hapo.

Viwanja vyetu vina mambo ambayo vitabu vya Marekani havitaji. Nyamache iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la alasiri huzama si mbali na magharibi. Kama uwanja unaelekea mashariki na magharibi, kuna nusu ya mchezo ambapo wapinzani watatupa wakilitazama jua. Fika mapema usimame mahali pa kila mtupo, ujue kona ipi inachoma macho na saa ngapi. Nusu hiyo waelekeze watupaji wao kona ile, kwa kuziba upande mwingine kwa mwili. Hakuna sheria inayokataza.

Halafu mvua. Huku alasiri haiaminiki, na mpira ukishalowa au kushika matope ya murramu, mtupaji anahitaji muda zaidi wa kuutengeneza mkononi. Huo ndio wakati wa kumbana karibu zaidi na kumlazimisha adribu, kwa kuwa kila dribu inaongeza maji kwenye mpira wake. Uwanja ukishakuwa wa kuteleza, hata hivyo, punguza kumkimbilia kwa kasi. Utampita na kumwangukia.

Nilisema masikio ya mtupaji yaachwe. Sauti zenu wenyewe, hata hivyo, zitumieni bila kubana. Walinzi wanaosemezana, nani yuko na mpira, nani anakuja kuzuia njia, nani ana kona, humfanya mtupaji ajione amezungukwa, na ni halali kabisa kwa sababu mnazungumza ninyi kwa ninyi. Mkifika mashindano ya Nyanza mkakutana na timu za Kisumu, Siaya au Homa Bay, itaneni kwa Ekegusii. Msitumie lugha hiyo kutukana. Marefa na mashabiki wanaoielewa ni wengi kuliko mnavyodhani, na tusi la kikabila katika mchezo wa watoto halina nafasi. Wachezaji kama Gary Payton walijenga jina kwa kumsemesha mpinzani mchezo mzima. Mchezaji wa shule anayejaribu hivyo kwa kawaida ndiye wa kwanza kupoteza mtu wake.

Kuhusu mitupo ya bure sina mengi ya kusema, kwa kuwa sheria imefunga mlango. Waliopangwa kandokando wakimvuruga mtupaji na akakosa, anapewa mwingine. Januari 2014 J. R. Smith wa New York Knicks alifungua kamba za kiatu cha Shawn Marion walipokuwa wamepangwa kusubiri mtupo wa bure, akajaribu tena katika mchezo mwingine, na NBA ikamtoza dola 50,000. Mashabiki ni habari nyingine. Tangu 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona huweka pazia nyuma ya ringi na kulifungua ghafla mtupaji anapojiandaa, na Januari 2016 aliyetokea nyuma yake ni muogeleaji Michael Phelps akiwa na nguo ya kuogelea na medali zake. Mchezaji wa Oregon State alikosa mitupo yote miwili. Mashabiki wenu wakitaka kuimba na kucheza nyuma ya ringi, waimbe. Kocha naye ana haki yake: timauti inaweza kuitwa kabla mtupaji hajakabidhiwa mpira kwa mtupo wa kwanza, akae na mawazo yake kidogo.

Mkifanya haya yote, mitupo mingine itaingia tu. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya ilikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Angola, taifa lililokuwa limechukua ubingwa wa Afrika mara 11 kufikia wakati huo. Tylor Okari Ongwae, kijana ambaye majina yake hayahitaji kufafanuliwa huku kwetu, aliinuka kutupa na mpira ukaingia king'ora kikilia. Kenya ikashinda 74 kwa 73, na vijana wa kocha Liz Mills wakarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mlinzi hawezi kuzuia kila mtupo wa namna hiyo. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba kila mtupo wa mpinzani, kuanzia dakika ya kwanza, unafanana na ule: mgumu, ukitoka kwenye miguu isiyotulia, mkono ukiwa juu yake.

Kwa hiyo mazoezini fanyeni hivi. Watu watatu: mpasiaji juu, mtupaji kona, mlinzi chini ya ringi. Pasi ikitoka, mlinzi aende. Msihesabu mipira iliyoingia. Mwanafunzi mmoja akae kando na daftari lenye safu tatu. Ya kwanza: je, mtupaji alilazimika kusogeza mguu baada ya kudaka? Ya pili: je, alibadili njia ya mikono au kudribu bila kutaka? Ya tatu: je, mkono wa mlinzi ulikuwa kwenye njia ya mpira ulipoachiliwa, na miguu yake ilikuwa nje ya mahali pa kutua? Alama tatu zikipatikana, mlinzi amefaulu hata kama mpira umeingia. Zikikosekana zote, arudie hata kama mtupaji amekosa. Baada ya kila mlinzi kupata zamu yake mara kadhaa, badilishaneni, na kufikia Ijumaa daftari litakuwa limekuonyesha nani apewe mtupaji wao mkuu siku ya mchezo. Mara nyingi atakuwa mtu ambaye hukumfikiria, mfupi, mtulivu, asiye na kituko hata kimoja. Mpe jina la huyo mtupaji Ijumaa jioni, na yale majibu ya mchezaji wa akiba: mkono upi, kona ipi, mpira huushusha au la.